Kunakili santuri za roki za miaka ya 60 na 70 bila kuwapoteza waliozipiga

Ukinakili santuri ya roki kwenye kompyuta na kuandika jina la bendi peke yake, sauti umeiokoa lakini watu umewaacha. Jina la bendi hudumu, wanamuziki huingia na kutoka. Anayetaja Fleetwood Mac huenda anakusudia kundi la bluzi lililoanzishwa London mwaka 1967 na Peter Green, au kundi la mwaka 1977 lenye sauti za Stevie Nicks, Lindsey Buckingham na Christine McVie. Katika yote mawili utawakuta Mick Fleetwood kwenye dramu na John McVie kwenye besi, basi. Kwa hiyo kazi hapa ni mbili na zinakwenda pamoja: kuitoa sauti bila kuijeruhi, na kuyaandika majina mahali ambapo hayatapotea.

Kuosha

Tazama kwanza umeshika nini. LP (santuri kubwa za albamu) za inchi 12 na santuri ndogo za inchi 7 za miaka hiyo kwa kawaida ni za plastiki ya vinili. Zile nzito za mizunguko 78 kwa dakika, zinazovunjika kama sahani ya udongo, nyingi ni za shelaki, na alkoholi huiyeyusha shelaki. Dawa ifuatayo ni ya vinili tu.

Changanya mililita 400 za maji yasiyo na chumvi na mililita 100 za alkoholi ya isopropili, kisha tia matone mawili ya sabuni ya maji isiyo na rangi wala manukato. Maji ya kuongezea betri yanafaa, ila soma chupa vizuri uhakikishe ni maji matupu na si asidi, maana mara nyingi vyote viwili huuzwa duka moja. Maji ya bomba yanapokauka huacha chumvi ndani ya mifereji, nayo husikika kama mchakacho wa mafuta kikaangoni. Spiriti yenye rangi nayo iepuke, kwa sababu rangi yake hubaki.

Fagia vumbi kavu kwa brashi laini kabla ya kulowesha chochote, la sivyo utatengeneza tope na kulisukuma ndani. Laza santuri juu ya taulo safi, lowesha kitambaa cha mikrofaiba, na ufute kwa kuzunguka kufuata mifereji. Usifute kwa kukata kutoka katikati kwenda ukingoni. Lebo ya karatasi isiguswe na maji kabisa. Rudia kwa kitambaa kingine chenye maji matupu ili kuondoa sabuni, kisha isimamishe kivulini kwa saa nzima. Jua la dakika chache dirishani linatosha kuipinda, na santuri iliyopinda hainyooki tena kirahisi.

Mijini pwani tatizo kubwa ni ukungu. Santuri yenye ukungu ioshe mara mbili, na usiirudishe katika karatasi yake ya ndani, kwa kuwa mbegu za ukungu zimo humo. Lakini usiitupe karatasi hiyo kabla ya kuipiga picha pande zote mbili. Bendi nyingi za miaka ya 70 zilichapisha majina ya wapigaji kwenye karatasi ya ndani, si kwenye jalada.

Kuiandaa gramafoni

Sindano za LP ni nyembamba kuliko za santuri za mizunguko 78, kwa hiyo usitumie sindano moja kwa zote. Vichwa vingi vya sumaku (kichwa ni kile kipande kinachobeba sindano) vinataka uzito wa gramu 1.5 hadi 2. Pima kwa mizani ndogo ya vito. Watu hupunguza uzito wakidhani wanaihurumia santuri, na matokeo yake sindano inarukaruka ndani ya mfereji na kuuchimba. Uzito mdogo kupita kiasi unaweza kuharibu zaidi ya uzito uliozidi kidogo. Kile kirekebishi kinachozuia mkono usivutwe kuelekea katikati kiweke kwenye namba ileile ya uzito.

Kasi ndiyo inayosahaulika. Bandika kipande kidogo cha karatasi kwenye ukingo wa mpira unaobeba santuri, washa saa ya simu, uhesabu. Kwa 33⅓, dakika 3 ni mizunguko 100 kamili. Kwa 45, dakika 2 ni mizunguko 90. Ukihesabu 101 badala ya 100, muziki unakwenda kasi kwa asilimia moja. Ikifika asilimia 6, wimbo wote umepanda nusu toni. Ikiwa kasi iko chini, shuku kwanza mkanda wa mpira uliolegea. Gramafoni ya zamani iliyotoka Marekani ina shida yake: kama mota yake hufuata mapigo ya umeme, ilitengenezewa mapigo 60 kwa sekunde, nasi Afrika Mashariki tunatumia 50, hivyo itazunguka pole kwa karibu asilimia 17. Transfoma hubadilisha volti tu, mapigo haiyagusi. Inahitaji puli nyingine, yaani kile kigurudumu cha mota.

Usirekebishe kasi kwa kulinganisha na gitaa lako. Mpiga gitaa Jimi Hendrix mara nyingi alishusha nyuzi zake nusu toni, na ukimlazimisha alingane na kinanda utakuwa umemharibu. Wala usilinganishe na toleo jingine la wimbo. Kwenye albamu ya Beatles ya mwaka 1967, Sgt. Pepper's, wimbo wa She's Leaving Home uko juu zaidi na unakwenda haraka zaidi katika toleo la mono (sauti ileile spika zote) kuliko la stereo (sauti tofauti kulia na kushoto). Yote mawili ni sahihi. Hesabu mizunguko, uiamini hesabu.

Sasa nyaya. Kichwa cha sumaku hutoa umeme mdogo sana, milivolti chache tu, tena santuri huchongwa ikiwa na besi iliyopunguzwa na sauti nyembamba iliyoongezwa. Ukichomeka kwenye tundu la kawaida la amplifaya utasikia sauti dhaifu kama ya redio ndani ya kopo. Tumia tundu lililoandikwa PHONO, ambalo hurudisha besi mahali pake. Kinyume chake, gramafoni yenye kikuza chake ndani ikichomekwa PHONO itanguruma na kupasuka. Mvumo mzito usiokoma maana yake waya wa ethi haujafungwa.

Kunakili

Programu ya Audacity ni ya bure na inatosha. Weka ubora wa biti 24 na kilohezi 48. LP ya dakika 40 itakula takriban megabaiti 690 kabla ya kubanwa. Piga kwanza sehemu yenye sauti kubwa kuliko zote, na urekebishe ili kilele kifike −6 dB (desibeli) kwenye kipimo cha programu. Sauti ikigonga sifuri imekatwa kichwa, na hakuna programu itakayoirudisha ilivyokuwa. Hifadhi kwa FLAC, aina ya faili inayobana sauti bila kupoteza chochote, na MP3 ya simu uitoe baadaye kutoka humo.

Nakili upande mzima bila kusimama, kisha ukate nyimbo kwa mkono. Usiiachie programu ikate inapokuta kimya. Kwenye upande wa pili wa Abbey Road ya Beatles, ya mwaka 1969, nyimbo zimeunganishwa, halafu baada ya kimya cha takriban sekunde 14 unakuja wimbo mfupi, Her Majesty, ambao hata haukuandikwa kwenye majalada ya kwanza. Programu itaona kimya, itafunga faili, na wimbo umepotea. Santuri za kwanza za Uingereza za Sgt. Pepper's zina maneno ya vurugu ndani ya mfereji wa mwisho unaojizungusha bila kikomo. Gramafoni inayoinua mkono wake yenyewe inaweza kuyakata, kwa hiyo zima kijiinuzi hicho.

Santuri ya mono ukiinakili kwa kichwa cha stereo, changanya njia mbili ziwe moja; michakacho mingi itapungua papo hapo. Lakini hakikisha kweli ni mono. Albamu mbili za mwanzo za Beatles, za mwaka 1963, zikiwa za stereo huwa na waimbaji upande wa kulia na vyombo upande wa kushoto. Watu wengi wamefungua spika wakitafuta waya uliokatika, kumbe ndivyo zilivyorekodiwa.

Kuandika majina

Hapa usiharakishe. Majina madogo yaliyo chini ya jina la wimbo kwenye lebo ni ya watunzi, si ya wapigaji, na hili ndilo kosa linalozaa orodha za uongo. Kwenye wimbo wa All Along the Watchtower wa mwaka 1968 lebo inasema Dylan, yaani Bob Dylan aliyeutunga. Anayepiga na kuimba ni Hendrix. Baadhi ya watunzi nao huandikwa kwa majina ya kuzaliwa. Octopus's Garden imeandikwa Starkey, na Richard Starkey ndiye Ringo Starr, mpiga dramu wa Beatles.

Kwa kila wimbo andika walioutunga, waliopiga na chombo cha kila mmoja, mwaka wa kurekodiwa, mwaka wa kutolewa, jina la kampuni na namba ya santuri vilivyo kwenye lebo, na alama zilizochongwa kwenye eneo tupu karibu na lebo. Alama hizo zisome kwa tochi ya simu iliyolazwa ubavuni. Mwaka uliochapishwa kwenye lebo kwa kawaida ni wa wimbo kutolewa mara ya kwanza, na santuri yenyewe huenda ilichapwa miaka mingi baadaye. Alama za kuchongwa husema kweli zaidi. Herufi RL kwenye Led Zeppelin II ya Marekani ya mwaka 1969, kwa mfano, ni za Robert Ludwig, fundi aliyeichonga kwa sauti kubwa yenye nguvu kuliko matoleo yaliyofuata. Naye mwandike, kwa kuwa unachokisikia kimepita mikononi mwake.

Usijaze majina kwa kukisia kutoka kwenye picha ya jalada. Let It Bleed ya Rolling Stones, ya mwishoni mwa 1969, ina wanabendi wawili wanaopishana: Brian Jones, aliyefariki tarehe 3 Julai mwaka huo, yumo katika nyimbo mbili, na Mick Taylor, aliyechukua nafasi yake, yumo katika nyingine mbili. Sauti ya kike inayopasuka kwa uchungu katika Gimme Shelter ni ya Merry Clayton, ambaye hakuwa mwanabendi. Gitaa la solo katika While My Guitar Gently Weeps ya Beatles, ya mwaka 1968, ni la Eric Clapton, na jalada halikumtaja. Kwenye Pet Sounds ya mwaka 1966 sauti ni za Beach Boys, lakini vyombo vingi vilipigwa na wanamuziki wa kulipwa wa Los Angeles, akiwemo Hal Blaine kwenye dramu na Carol Kaye kwenye besi. Watu hawa ndio husahaulika kwanza, basi waanze kuandikwa wao.

Mara nyingine sikio linaamua. Love Me Do ya Beatles ilirekodiwa mara tatu mwaka 1962 kwa wapiga dramu watatu: Pete Best mwezi Juni, Ringo Starr tarehe 4 Septemba, na Andy White tarehe 11 Septemba. Santuri ndogo ya kwanza ina dramu za Ringo. Albamu ina za White, na Ringo amepewa tari. Ukisikia tari, dramu ni za White.

Jina lililoandikwa kwenye santuri liache lilivyo, masahihisho yaweke pembeni. Albamu ya kwanza ya Queen, ya mwaka 1973, ilimgeuza mpiga besi wao John Deacon akawa Deacon John. Mwaka huohuo ilitoka santuri ndogo ya mtu anayeitwa Larry Lurex, ambaye ni Freddie Mercury, mwimbaji wa Queen, ambaye naye ni Farrokh Bulsara aliyezaliwa Zanzibar tarehe 5 Septemba 1946. Ukiunganisha majina hayo matatu katika sehemu ya maelezo, anayemtafuta kwa lolote kati yake atampata. Vivyo hivyo kwa The Great Gig in the Sky ya Pink Floyd: santuri za 1973 humtaja Richard Wright peke yake kama mtunzi, na baada ya makubaliano ya mwaka 2005 likaongezwa jina la Clare Torry, aliyeimba. Andika ilivyo kwenye nakala yako, kisha andika kilichobadilika.

Asiyejulikana aliyepiga, acha nafasi yake wazi. Nafasi wazi humwita mtu aijaze. Jina la kukisia hunakiliwa na kila anayelikuta.

Maelezo yote yaweke mara mbili: ndani ya faili la FLAC lenyewe, na katika faili la maandishi la kawaida kwenye folda hiyohiyo pamoja na picha za jalada, lebo na karatasi ya ndani. Nakala moja ibaki kwenye diski ya nje, nyingine nyumba tofauti. Santuri zenyewe zisimamishe wima katika mifuko ya polithini, si ya PVC ambayo huacha utando mweupe usiofutika juu ya vinili. Rafu iwe imara, maana LP 100 ni zaidi ya kilo 20.