Kufunga inveta ya spindo kwenye mashine unayoigeuza kuwa CNC (inayoongozwa na kompyuta)
Hitilafu nyingi zinazodhaniwa ni za programu huanzia kwenye kebo ya mota ya spindo, yaani mhimili unaozunguka wakati wa kukata. Inveta, kifaa kinachodhibiti kasi ya mota, hukatakata umeme maelfu ya mara kwa sekunde, na kelele hiyo ya umeme huingia kwenye waya za swichi za mwisho wa mwendo, zile zinazoisimamisha mashine ikifika ukingoni. Mashine inasimama katikati ya kazi bila swichi yoyote kuguswa.

Kutoka U, V, W (matundu ya inveta yanayotoa umeme wa mota) hadi kwenye mota, tumia kebo yenye wavu wa kinga. Wavu ubanwe kwa klampu ya chuma mzunguko mzima, upande wa inveta na upande wa mota. Ukiusokota ukawa mkia mrefu na kuufunga kwa skrubu moja, kinga hupungua sana. Hapo ndipo wengi wanapokosea. Waya za ishara ya volti 0 hadi 10, inayoiambia inveta kasi inayotakiwa, ziwe za kusokotwa na zenye wavu, sentimita 20 au zaidi kutoka kebo ya mota. Zikilazimika kupishana, zipishane kwa nyuzi 90.

Mota ya 230/400 V kwenye inveta ya fezi moja ya 230 V hufungwa delta, moja ya njia mbili za kuunganisha koili za mota; nyingine ni sta. Ukiiacha kwenye sta itazunguka, lakini ikianza kukata chuma utaona haina nguvu.

Umeme wa laini (unaotoka ukutani) usiingie U, V, W kamwe: utaunguza inveta. Kabla ya kugusa ndani, zima, subiri dakika zilizoandikwa kwenye kifuniko, kisha pima volti za DC kwenye kapasita, zinazobaki na umeme hata baada ya kuzima.