Fremu ya titaniamu ya miaka ya 90: spea gani za leo zitaingia?

Tangu wanachama wenzangu waendesha baiskeli waione ile baiskeli yangu ya milimani ya kijivu, swali ni hilo hilo, kwa hiyo nimeona niandike mara moja.

Fremu niliuziwa na Muitaliano aliyekuwa akifungasha kurudi kwao. Haikuwa na rangi wala chembe ya kutu, na ilikuwa imekaa barazani miaka ikipigwa na upepo wa bahari. Nikajiona nimeokota. Jioni ile ile nikataka kutoa nguzo ya tandiko: haitoki! Ilikuwa nguzo ya alumini ndani ya bomba la titaniamu, na hapo katikati chumvi ya Malindi imefanya kazi yake. Metali hizo mbili zikigusana penye majimaji ya chumvi, titaniamu haidhuriki. Alumini ndiyo inayoliwa, inageuka unga mweupe unaoshika kama saruji. Nilimaliza jioni tatu nikiipasua kwa ndani na ubapa mtupu wa msumeno wa chuma, nikichungulia kila dakika nisije nikalikwaruza bomba.

Ndiyo maana somo halianzi na gia.

Hatua ya 1: Kabla hujalipa, zungusha kila kitu

Nguzo ya tandiko, shingo ya usukani, beringi za kranki. Kimoja kikigoma, bei ishuke. Kwenye kranki kumbuka upande wa cheni una nyuzi za kushoto: unafunguka kwa kufuata mshale wa saa. Mafundi wetu waliozoea baiskeli za Black Mamba hujisahau hapo wakakaza badala ya kulegeza, na nyuzi za titaniamu zikisagika hazina msamaha. Wakati wa kufunga upya, paka grisi ya shaba kila mahali alumini au chuma kinapogusa fremu. Toa nguzo kila miezi michache, ifute, paka tena.

Hatua ya 2: Pima, usikisie

Tafuta venia, kile kipimo cha milimita chenye taya mbili. Nyuma, kati ya makucha mawili yanayoshika ekseli ya gurudumu, fremu nyingi za milimani za wakati huo ni milimita 135. Za zamani zaidi unaweza kukuta 130. Chuma hupanuliwa na fundi mwenye mikono, lakini titaniamu inarudi kama springi, usiilazimishe. Nyumba ya kranki ni 68 au 73. Nguzo ya tandiko mara nyingi 27.2, ila usiape kabla ya kupima. Bomba la kichwa mara nyingi hupokea shina la uma la inchi 1 1/8 lililonyooka.

Andika namba hizo kwenye karatasi uiweke mfukoni. Ukienda Mombasa au ukiagiza Nairobi, hiyo ndiyo pasipoti yako.

Hatua ya 3: Gia

Hapa ndipo pesa hupotea. Kijana anaona gia 12, anataka gia 12. Kaseti (lile rundo la sproketi za nyuma) ya Shimano ya gia 12 yenye sproketi ndogo ya meno 10 inataka habu yenye mifereji ya mtindo wa Micro Spline, na gurudumu lako la zamani ni la mtindo wa HG, mifereji yake ni mingine. Gia za SRAM Transmission ndiyo kabisa: hufungwa kwenye fremu iliyotengenezwa kwa mfumo wa UDH wa kushikia gia za nyuma, na yako haikuwahi kuusikia.

Kinachoingia bila ugomvi ni gia 9, 10 au 11 za milimani kwenye habu ya HG ya gia 8 au 9. Shimano Deore ya gia 10 ina kaseti ya 11-46, yaani sproketi ndogo ya meno 11 na kubwa ya 46; ya gia 11 ina 11-51. Microshift Advent ni ya gia 9, kaseti 11-42, bei yake ya kibinadamu, na cheni ya gia 9 haikusumbui kuitafuta. Mimi nimefunga Advent. Ila kivuta gia cha kwenye usukani na mkono wa nyuma unaosogeza cheni vitoke kampuni moja na familia moja. Advent na Shimano hazielewani.

Mbele weka sproketi moja ya meno 32, yenye meno ya mapana na membamba kwa zamu, cheni isiruke. Kuna wanaosikitikia sproketi zao tatu. Haya, tupige hesabu: 22 mbele na 32 nyuma ni 0.69, 32 mbele na 46 nyuma (kaseti ile ya Deore ya gia 10) ni 0.70. Mlima ni ule ule. Unachopoteza ni mbio: kwa 32 na 11, gurudumu la inchi 26, ukikanyaga mizunguko 90 kwa dakika unafika kama kilomita 32 kwa saa. Kwenda Gede inatosha. Anayetaka kukimbizana na matatu anunue ya lami.

Hatua ya 4: Uma

Fremu hizi zilichorwa kwa uma mgumu au wenye mchezo wa milimita 60 hadi 80. Ukiweka wa 120 pua inainuka, usukani unalegea, na maungio ya kichwa yanabeba mzigo ambao hayakuandaliwa. Uma wa kisasa wenye shina lililonenepa chini hauingii kabisa. Uma mgumu wa chuma unatosha. Mchanga wa barabara ya Marafa hauhitaji springi, unahitaji tairi pana lenye upepo kidogo.

Hatua ya 5: Yaliyobaki

Breki za V, zilizotoka 1996, zinasimamisha vizuri zikipata vishikio vyake vya mkononi vya mvuto mrefu. Tairi: fremu nyingi hukubali hadi inchi 2.1 au 2.2. Usukani mpana ni sawa, lakini usifupishe shingo mno, fremu ni fupi. Shingo ya milimita 80 hadi 90 inanifaa.

Maswali ya wanachama

Fundi, naweza kutia magurudumu ya 27.5?
Rimu inapanda milimita 12.5, pedi za breki hazifiki, na tairi litasugua juu. Kaa na 26.

Mimi niko Mambrui, kuna mchomeleaji hodari sana. Anichomelee kishikio cha breki ya diski nyuma?
Hapana, ndugu yangu. Titaniamu ikichomewa huku hewa inaigusa inakuwa kavu kama biskuti. Yataka gesi ya agoni nje na ndani ya bomba. Na bomba la nyuma halikutengenezwa kwa nguvu za diski. Ukiitamani, nunua uma wenye kishikio chake, uweke diski mbele tu.

Kama titaniamu haipati kutu, ya nini kuosha?
Fremu haipati. Cheni, boliti, njiti na habu zinapata. Na usioshee maji ya kisima chenye chumvi halafu ukasema umeosha.

Grisi ya shaba sijaiona dukani kwetu Shela.
Uliza gereji za magari, si maduka ya baiskeli. Wao huipaka nyuma ya pedi za breki.

Nguzo yangu ni 27.0 na tundu ni 27.2. Nifunge kipande cha mkebe wa soda?
Huo mkebe ni alumini. Umesoma mwanzo wa somo kweli?