Namna ya kufuatilia utumishi wa mhunzi wa farasi wa jeshi la Uingereza kupitia nishani zake

Kabla ya yote: usizisugue nishani. Kila ukizing'arisha unakula maandishi, na maandishi ndiyo yatakayokupa historia ya mtu huyu.

Hatua ya 1: Soma ukingo. Tumia lenzi na taa iliyolazwa ubavuni. Ukingoni kumepigwa nambari, cheo, jina na rejimenti. (Nishani za Vita Kuu ya Kwanza za askari wa KAR, jeshi la kikoloni la Uingereza Afrika Mashariki, husomwa hivyo hivyo, kama unazo za babu yako.) Nyota ya 1914, nishani ya Vita Kuu ya Kwanza yenye umbo la nyota, igeuze, kwa sababu maandishi yake yako mgongoni. Angalia sana neno "Smith". Mhunzi wa cheo cha chini aliitwa "Shoeing Smith", na cheo hicho hufupishwa. Niliwahi kulishika neno hilo kama jina la ukoo, nikatafuta familia isiyohusika kwa miezi.

Hatua ya 2: Linganisha vyeo. Nyota ya 1914 huonyesha cheo alichoingia nacho vitani. Nishani ya Vita ya Uingereza, ya vita hivyo hivyo, kwa kawaida huonyesha cheo cha juu alichofikia. Nyota ikisema "Shoeing Smith" na nishani ikisema "Farrier Sergeant" (sajini wa wahunzi), umeona kupanda kwake.

Hatua ya 3: Soma vipau vya utepe, yaani vipande vya chuma vyenye maandishi vilivyopita juu ya utepe. Hapa usiharakishe. Nishani ya Malkia ya Afrika Kusini, ya vita vya 1899–1902, hubeba vipau vyenye majina ya mapigano. Ukikuta "Relief of Kimberley" (ukombozi wa Kimberley), mtu wako huenda alikuwa na wapanda farasi wa Jenerali French wa Uingereza walioingia Kimberley, mji uliokuwa umezingirwa na Makaburu, tarehe 15 Februari 1900, farasi wao wakiwa hoi kwa joto na kiu. Mhunzi hakupiga viatu vya chuma tu. Alikuwa na shoka: upande wa ncha wa kummaliza farasi asiyepona, upande wa makali wa kukata ukwato wenye nambari ya jeshi, uwe ushahidi kwamba mnyama amekufa. Katika vita hivyo Waingereza walipoteza farasi zaidi ya 300,000. Kila ninaposhika nishani ya mhunzi, nafikiria hilo shoka.

Hatua ya 4: Tafuta karatasi. Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa ya Uingereza iko Kew, London. Waliostaafu kabla ya 1914 watafute katika fungu la WO 97 (WO ni War Office, Wizara ya Vita). Kadi za nishani za Vita Kuu ya Kwanza ziko WO 372. Mafaili ya vita hivyo yako WO 363, ila mengi yaliungua kwa mabomu Septemba 1940, kwa hiyo usikate tamaa usipoliona lake. Hakikisha nambari na rejimenti vinakubaliana: kabla ya 1920 nambari moja iliweza kuwa ya watu kadhaa.

Hatua ya 5: Kwa Vita Kuu ya Kwanza, fungua shajara ya rejimenti, yaani kumbukumbu zake za kila siku, WO 95. Ni nadra kumtaja mhunzi kwa jina. Tafuta siku zilizoandikwa idadi ya farasi waliojeruhiwa au kuuawa, uziweke kando ya tarehe zake za utumishi. Siku hizo huenda alikuwa kazini.