Somo: Ua la Usambara, usidanganyike na jina

Wanaolipanda kwenye kopo barazani huliita "urujuani wa Afrika", basi wakadhani ni ndugu wa urujuani wa Ulaya. Sivyo. Kwao ni huku kwetu Tanga, kwenye miamba yenye kivuli ya Usambara, na porini linaadimika kila msitu unapofyekwa. Ndiyo maana nataka tulijue sawasawa.

1. Gusa majani. Yamejipanga duara, manene, yana vinyweleo laini kama shingo ya kifaranga.

2. Chukua ua moja la kwenye kopo ulitazame ndani. Hapa usiharakishe, maana jibu lote limo humu. Petali tano zimeungana chini. Mbili za juu ni ndogo, tatu za chini ni kubwa. Katikati kuna vifuko viwili vya njano vyenye chavua: stameni mbili tu. Urujuani wenyewe, jenasi (kundi la mimea iliyo ndugu wa karibu) Viola, una tano, na petali yake ya chini ina kijimkia kwa nyuma. Tazama pia ule uzi mwembamba utokao kwenye ovari, kile kifuko cha mbegu changa. Haukusimama katikati, umelalia upande: ua hili kushoto, lile kulia. Mimi kila nikiuona hufurahi upya.

3. Lipange. Familia ni Gesneriaceae. Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa Kijerumani huku, alimpelekea baba yake ua hili Ujerumani, na mwaka 1893 Hermann Wendland akaliita Saintpaulia ionantha. Ionantha ni "lenye maua kama urujuani". Mkanganyiko umetoka hapo.

4. Kwenye kibao andika Streptocarpus ionanthus. Tangu 2015 wataalamu wamelihamishia jenasi hiyo.

MASWALI

Shikamoo mwalimu. Streptocarpus si "tunda lililosokotwa"? Mbona la kwangu halijasokotwa?

Marahaba mwanangu, umeona vizuri. Kwa sababu hiyohiyo zamani walilitenga. Vinasaba vilipochunguzwa, ndugu zake wa karibu kabisa wakaonekana ni Streptocarpus wa matunda yaliyosokotwa.

Mwalimu, naweza kwenda Amani kuchimba mche?

Hapana, mwanangu. Pale ni hifadhi, na kila shina linahesabika. Omba jani moja kwa jirani. Likate na kikonyo chake, kama sentimita 3, ukichomeke kwenye udongo mwepesi wenye unyevu, kivulini. Baada ya wiki kadhaa vichipukizi vitachungulia pale chini. Maji mwagia udongoni. Yakiwa baridi yakaangukia jani, huacha madoa.