Jinsi ya kumpandisha Fumo Liyongo kizimbani kwa makosa ya watoto wanaomuiga

Kama umewahi kuwasimulia watoto habari za Liyongo, yule shujaa wa hadithi za pwani, usiku halafu asubuhi ukaitwa na jirani, haya yanakuhusu. Mimi niliitwa. Mtoto wa kaka yangu, miaka 10, alichomoa vyuma vya mwavuli akajitengenezea upinde, akalenga embe, embe lenyewe hakuligusa, mshale ukaenda ukamwingia kuku wa watu pajani. Namuuliza nani kakufunza mambo haya, ananijibu hata haya hana, "Si Liyongo." Nikasema basi sawa, twende tukamshtaki huyo Liyongo wako. Ilikuwa mzaha, lakini saa hii kila likizo watoto wa mtaa wananifuata wenyewe kuuliza kesi ni lini, kwa hivyo acha nieleze tunavyofanya.

Watoto 15 mpaka 20 wanatosha, na saa moja u nusu, ikizidi hapo wadogo wanaanza kurushiana ndala. Usijifanye wewe hakimu. Uhakimu mpe yule mtoto mkimya ambaye huwa hasemi kitu, utashangaa. Msemaji sana mpe uongozi wa mashtaka, halafu tafuta wakili wa utetezi, karani, askari mmoja wa kuita mashahidi, na wazee wa baraza watano wa kutoa uamuzi. Liyongo mwenyewe watu wanapenda kumpa mtoto mrefu mwenye mwili, manake hadithi inasema alikuwa pande la mtu, mimi nasema mpe mfupi kuliko wote. Akisimama mrefu kila mtu anamuonea haya na maswali yanakuwa ya kumsifu tu.

Na yule aliyefanya kosa asikae kizimbani, huyo ni shahidi. Hata sheria ya watoto ya Kenya ya mwaka 2022 inasema mtoto chini ya miaka 12 hahesabiwi jinai, sasa wewe nyumbani usiwe mkali kuliko serikali.

Hati ya mashtaka ndiyo inaharibu kesi nyingi. Mara ya kwanza tuliandika "Liyongo anaharibu watoto", tukabishana mpaka adhana ya isha ikatukuta na hakuna kilichoamuliwa, kila mtu analeta lake, huyu wa mpira, huyu wa mieleka ya kwenye tivii. Andika jambo moja. Sisi tuliandika hivi: kwamba mshtakiwa, kwa kutungua makoma (matunda ya mti wa mkoma) kwa mshale mbele za watu, alisababisha fulani atungue embe kwa mshale na kuku wa jirani akaumia. Basi. (Kuku tulimleta kama kielelezo, usifanye hivyo, alitoroka tukapoteza robo saa.)

Kabla ya siku yenyewe simulia hadithi yote, na usitegemee kumbukumbu. Utendi alioandika Muhamadi Kijumwa wa Lamu mwaka 1913 unapatikana, upitie kwanza. Mambo ambayo lazima kila mtoto ayajue: mfalme wa Pate, huko visiwa vya Lamu, anamuogopa Liyongo kwa nguvu zake na anataka afe. Wanapanga kikoa cha makoma, kila mtu apande mkoma kwa zamu awaangushie wenzake, na ikifika zamu ya Liyongo akiwa juu wampige mishale. Yeye akashtuka, hakupanda, akachukua upinde akayatungua makoma akiwa chini. Baadaye wakamfunga gerezani, mama yake akampikia mkate wa wishwa, yaani makapi, akaficha ndani tupa ya kukerezea chuma, kijakazi Saada akaupeleka, walinzi waliokuwa wanamnyang'anya vyakula vizuri wakaucheka ule mkate wakamwachia. Akaomba pachezwe gungu, ngoma na matoazi yakipiga kelele yeye anakereza pingu, watu wakija kushtuka mtu yuko nje. Mwisho anauawa na mwanawe mwenyewe aliyeahidiwa makubwa, kwa kuchomwa sindano ya shaba kitovuni, na hata hapo alijikokota mpaka kisimani akapiga goti na upinde mkononi, watu siku kadhaa wanaogopa kwenda kuteka maji kumbe ni maiti.

Mashahidi waite Saada, mama yake Liyongo, yule mtoto mwenye mwavuli, na mmoja wa wale wapiga mishale waliongoja chini ya mkoma. Huyo wa mwisho watu humsahau na ndiye anayebeba kesi. Kila shahidi dakika tano, karani ashike saa.

Upande wa mashtaka wasaidie kidogo, manake wanaona wamepewa kesi ya kushindwa. Waambie wasiseme Liyongo alikuwa mbaya, hakuna atakayewaamini. Waseme alitaka kuonekana. Kwenye utendi kabla hajafika Pate anapuliza panda, yaani baragumu, njiani, moja, mbili, tatu, mji mzima ujue nani anakuja. Mtu kama huyo anajijengea jina mwenyewe, na anayejijengea jina anajua kuna watakaolifuata, sasa mbona akifuatwa anasema simo? Hiyo hoja ni nzito, mimi mpaka leo inanisumbua.

Utetezi wao usiwape hoja, waache wahangaike na wale mashahidi. Kwetu alikuwa binti mmoja darasa la tano, amemhoji mpiga mishale mpaka akakiri kwamba alikuwa amejificha kumngoja Liyongo apande, halafu akamgeukia mwenye mwavuli akamuuliza taratibu, "Na wewe, chini ya ule mwembe kulikuwa na mtu anataka kukuua?" Kimya. "Mwembe wenyewe unapandika?" Unapandika. "Sasa mshale ulikuwa wa nini?" Yule kijana akaniangalia mimi, akasema, "Hatukuambiwa kulikuwa na watu wa kumuua. Tuliambiwa alipiga makoma na mshale."

Na ni kweli. Ule usiku nilikuwa na usingizi, nikaruka moja kwa moja kwenye mshale kwa sababu ndipo wanaposhangilia. Kwa hivyo ukipanga viti acha kimoja kitupu pembeni ya kizimba, cha msimulizi, na ujiandae kukikalia, si kwa kuigiza, wakuulize na ujibu. Mimi niliulizwa maswali kumi na moja. Ukikataa kukaa pale kesi yote inakuwa kiinimacho.

Kwa vijana wa sekondari unaweza kubadilisha mshtakiwa, jaribu Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, kusini mwa Tanzania, aliyewapa watu dawa ya maji kwamba itawakinga na risasi za Wajerumani. Huyu si wa hadithi, Wajerumani walimnyonga Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, vita vya Maji Maji ndiyo kwanza vimeanza na vikaendelea mpaka 1907 yeye hayupo, dawa yake ikibebwa na watu wengine mpaka Ungoni. Swali la nani anawajibika kwa waliokufa wakiiamini ile maji ni zito kweli na linafundisha, ila hapo hakuna kuchekeshana wala kuigiza kunyonga, wajukuu wa watu wale wapo na pengine mmoja amekaa hapo hapo barazani kwako.

Hukumu waachie wazee wa baraza, wewe usitie neno, hata ukiona wanapotea. Wajadiliane faragha dakika kumi, wapige kura kwa kokoto kwenye kopo, halafu hakimu asome. Adhabu iwe kitu kinachofanyika wiki hiyo hiyo. Mimi nilihukumiwa kumnunulia jirani pumba kilo tano na kusimulia upya palepale, na wapiga mishale wote wawemo, nisiruke hata mmoja. Liyongo aliachiliwa kwa kura nne kwa moja. Aliyekataa ni mjukuu wa mwenye kuku, kasimama akasema yeye hayo ya chini ya mkoma ameyasikia, lakini panda alipuliza nani?