Gari linachemsha? Jua kwanza linachemsha wakati gani

Jirani yangu alikuwa ameshabadilisha rejeta na pampu ya maji, vyote vipya, na gari likaendelea kuchemsha. Kilichokuwa kinalisumbua ni hewa iliyonaswa ndani. Baada ya kumaliza lake nimeona niandike utaratibu ninaoufuata. Unahusu injini ya petroli ya kawaida, yenye rejeta mbele na feni ya umeme.

1. Zima, halafu subiri

Mshale wa joto ukianza kupanda, zima AC, fungulia hita hadi mwisho ili ivute joto kutoka kwenye injini, tafuta pa kuegesha na uzime. Mfuniko wa rejeta usiuguse. Maji ya ndani yamebanwa, kwa hiyo yanaweza kupita nyuzi 100 bila kuchemka. Ukifungua tu yanakurukia usoni yakiwa mvuke. Mimi husubiri mpaka niweze kukumbatia mpira wa juu wa rejeta kwa kiganja bila kuutoa mkono. Injini ya moto usiimwagie maji baridi, silinda hedi (kipande cha chuma kinachofunika silinda kwa juu) inaweza kupasuka.

2. Linachemsha lini?

Likichemsha kwenye foleni na kutulia likishika mwendo, anza na feni. Likichemsha kwenye mwendo mkali au mlimani, shuku rejeta iliyoziba, thamostati (vali inayofunguka kwa joto ili maji yapite kwenda kwenye rejeta) isiyofunguka vizuri, au pampu. Likichemsha wakati wowote, tena maji yanapungua, kuna mahali panavuja.

3. Maji na mfuniko

Injini ikiwa baridi kabisa, fungua uangalie kiwango. Kama maji yamepungua, fuata alama kavu za rangi ya kulanti (dawa ya kupoozea inayochanganywa na maji ya rejeta) kwenye viungo vya mipira, chini ya pampu, na kwenye zulia la abiria wa mbele (hapo hita ndiyo inavuja).

Mfuniko wenyewe uchunguze pia. Mara nyingi umeandikwa 0.9 au 1.1, yaani shinikizo unaloweza kulizuia. Pete yake ya mpira ikikatika, shinikizo linapotea, maji yanachemka mapema na kumwagikia tangi la akiba. Ni kifaa cha bei ndogo kuliko vyote hapa, na watu hukifikiria mwisho.

Zile dawa za kumimina ili zizibe tundu sizitaki. Zinaziba na vijinjia vya hita.

4. Feni

Injini ikiwa inanguruma, washa AC. Kwa magari mengi feni inapaswa kuzunguka. Ikikaa kimya, angalia fyuzi, kisha badilishana relei yake (swichi ndogo inayoipelekea feni umeme) na nyingine ya namba ileile. Bado? Chomoa plagi ya feni uipe umeme moja kwa moja kutoka kwenye betri. Ikizunguka, feni ni nzima, tafuta sensa au waya. Mikono iwe mbali: feni ya umeme inaweza kuanza yenyewe hata injini ikiwa imezimwa.

5. Thamostati

Itoe, itumbukize kwenye sufuria ya maji pamoja na kipimajoto, pasha. Ina namba iliyochongwa, mfano 82 au 88. Ianze kufunguka karibu na hapo. Ikigoma, nunua nyingine.

Wapo mafundi wanaoitoa na kukurudishia gari bila thamostati. Mimi sikubali. Injini inachelewa kupata joto lake, inakula mafuta, na ugonjwa wenyewe unabaki palepale umefunikwa.

6. Kutoa hewa

Hapa ndipo kazi nzuri inapoharibikia. Kila ukimwaga maji ya mfumo, hewa inaingia, na hewa haipoozi chuma. Mbaya zaidi, sensa ikizungukwa na hewa inaweza kusoma joto la chini kuliko lilivyo, ukaona mshale umetulia huku hedi inaungua.

Egesha pua ya gari ikiwa juu, kwenye mteremko au juu ya ngazi za chuma za kupandishia gari, na uzuie magurudumu. Mdomo wa kujazia lazima uwe sehemu ya juu kuliko zote. Hita iwe kwenye joto la mwisho, feni yake ya ndani polepole. Jaza taratibu mchanganyiko wa kulanti na maji yaliyosafishwa, nusu kwa nusu, huku ukiminyaminya mipira. Usichanganye aina mbili za kulanti, nyingine zikikutana zinaganda. Kama kuna skrubu ya kutolea hewa, ilegeze mpaka maji yatoke bila mapovu, kisha kaza.

Washa ukiwa umeacha mfuniko wazi, usikanyage mafuta. Mapovu yatatoka. Mpira wa juu utabaki vuguvugu kwa muda, halafu ghafla utakuwa moto na kiwango cha maji kitashuka: thamostati imefunguka. Ongeza. Kama hita inapuliza baridi, au nyuma ya dashibodi unasikia maji yanagugumia kama yanayomiminwa kwenye dumu, hewa bado imo. Gari la jirani lilikuwa na mlio huohuo. Endelea mpaka feni iwake na kuzima mara mbili, ukiwa tayari kufunga maji yakianza kufurika. Funga, acha lipoe usiku mzima, asubuhi ongeza kilichopungua. Karibu kila mara kitapungua.

Kulanti iliyomwagika ifute. Ni sumu, kwa paka na mbwa pia, na ina utamu unaowavutia mbwa.

7. Mapovu yasiyokoma

Mapovu yakiendelea bila mwisho, mipira ikawa migumu dakika chache tu baada ya kuwasha asubuhi, moshi mweupe haukatiki, au oili imekuwa rangi ya maziwa, shuku gasketi ya silinda hedi (pedi inayoziba kati ya hedi na injini). Kuna kipimo cha maji ya buluu kinachowekwa kwenye mdomo wa rejeta. Yakigeuka njano, gesi ya injini inaingia kwenye maji. Gari lisitembee tena. Hedi ikitolewa, dai ipimwe kama imepinda kabla ya gasketi mpya kufungwa.