Somo: Kupanda Inside Passage, njia ya bahari kati ya visiwa na bara, kwa mashua ya tanga, Campbell River (Kanada) hadi Ketchikan (Alaska)

Pwani hii ya Kanada na Alaska ina milima inayoingia baharini na mvua hata Julai. Jipangieni hesabu ya mkondo kwanza. Mavazi ya mvua baadaye.

1. Seymour Narrows, mlango mwembamba wa bahari. Mkondo hufika maili za baharini 15 kwa saa, na mashua yako kwa injini huenda 6 hivi. Tumia jedwali la mikondo, si la kujaa na kupwa: saa zake hazilingani. Hapa maji yakijaa hukimbilia kusini, yakipwa hukimbilia kaskazini. Fika mlangoni nusu saa kabla maji ya kujaa hayajasimama, penya yakiwa yametulia, kisha maji ya kupwa yakubebe. Mwamba wa Ripple Rock ulilipuliwa 1958, lakini mizunguko ya maji bado ipo.

2. Johnstone Strait, mlangobahari unaofuata. Wengi huumia hapa. Maji yaleyale yanayokubeba hukutana na upepo wa kaskazini-magharibi, ambao kiangazi huongezeka mchana. Vikipingana, mawimbi huwa mafupi na wima, na omo (mbele ya mashua) hujichimbia ndani. Chagua kusimama kwa maji kwa alfajiri, uwe umetia nanga kabla ya adhuhuri. Kama siku hiyo hakuna, ngoja.

Usisafiri usiku: magogo huelea, mengine wima, ncha tu ikionekana.

3. Nanga. Karibu na Ketchikan bamvua (kujaa kukubwa kwa mwezi mpevu au mwandamo) hupandisha maji zaidi ya mita 6. Ukitia nanga maji yakiwa yamepwa kwenye kina cha mita 10, ongeza 6 za kujaa na 1 ya urefu wa omo juu ya maji: 17. Zidisha kwa 4, utoe mnyororo mita 68. Ghuba ikiwa nyembamba, funga kamba ya tezi (nyuma ya mashua) kwenye mti wa ufukweni, na uilegeze maji yanapobadilika.

4. Unyevu. Kilo 1 ya gesi ya kupikia hutoa zaidi ya kilo 1.5 ya maji, yote ndani ya chumba. Tumia hita ya dizeli yenye bomba la moshi la kutoka nje, acha dirisha wazi kidogo, na weka chaga chini ya godoro ili hewa ipite. King'ora cha kaboni monoksidi ni lazima.

Swali: Kama ni injini muda mwingi, tanga la nini?
Jibu: Ndani ya mifereji upepo hufa au hukujia usoni. Lakini Queen Charlotte Sound, kwenye rasi ya Cape Caution, na Dixon Entrance ziko wazi kwa Pasifiki. Pale tanga kuu lililopunguzwa huzuia mashua isiyumbe.

Swali: Ramani yangu ya zamani ya Alaska inaonyesha kina cha 5, mbona kipimo changu kinasoma 9?
Jibu: Hizo ni pima. Pima 1 ni mita 1.83. Angalia kichwa cha ramani kabla hujatia nanga.

Swali: Tukifika Ketchikan tushuke wote?
Jibu: Hapana. Nahodha aripoti kwanza kwa forodha ya Marekani. Wengine wabaki chomboni hadi ruhusa itoke.